Saa Inasema Mwanangu Hatembei: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vipima-Mwendo na Vijana Wenye Mtindio wa Ubongo

Barua nyingi zilizofika katika safu hii tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, saa na bangili zinazohesabu hatua zinaweza kuaminiwa zikivaliwa na kijana mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), hali ya ubongo inayoathiri mwendo na misuli? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa linaloelezwa humo ndilo ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya fiziotherapia, na linawaumiza watoto pasipo mtu yeyote kukusudia.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12. Mtindio wa ubongo umemwathiri upande wa kulia, lakini anatembea mwenyewe. Tulimnunulia saa ya kuhesabu hatua, naye huivaa mkono wa kulia kwa kuwa wa kushoto ndio anaoandikia. Dada yake ana saa ya aina hiyo hiyo. Wanakwenda shuleni pamoja na kurudi pamoja, lakini jioni saa ya dada husoma hatua 9,000 na yake 3,000. Baba yake ameanza kusema kuwa kijana ni mvivu, nami sijui nimjibu nini. Je, saa ni mbovu, au mtoto hatembei? — *Mama wa Kijana*

JIBU: Mama, mtoto wako anatembea, na saa yenyewe huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni mahali ilipofungwa na namna inavyofikia ile namba.

Ndani ya saa hiyo mna kihisi kidogo kiitwacho akselerometa, ambacho hupima jinsi kasi ya mkono inavyobadilika katika mielekeo mitatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kihisi hakiuoni mguu. Programu iliyomo ndani ya saa ndiyo inayokisia hatua, kwa kutafuta mtikisiko unaofanana na ule wa mtu anayetembea huku akipunga mikono kwa mpigo ulio sawa, na kwa kawaida programu hizi hutengenezwa kwa kufuata mwendo wa watu wasio na ulemavu. Sasa mtazame mwanao anapotembea. Kama ilivyo kwa wengi walioathirika upande mmoja, huenda mkono wake wa kulia umekunjwa kwenye kiwiko na kubanwa karibu na kifua, wala haupungi. Saa iliyofungwa hapo inabebwa tu, na hatua nyingi zinapita bila kuhesabiwa. Mwendo wa polepole nao huipotosha, kwa sababu kishindo cha hatua kikiwa hafifu, programu hukichukulia kuwa ni mtikisiko usiohusika na kutembea.

Naomba mfanye jaribio moja nyumbani kabla ya kusema neno jingine lolote. Andika namba inayosomeka kwenye saa, mwache atembee kwa mwendo wake wa kawaida huku wewe ukihesabu kwa mdomo mpaka hatua 100, kisha soma tena saa inasemaje. Rudia mara tatu. Halafu hamishia saa kwenye mkono wa kushoto mfanye vivyo hivyo, na mwishoni ifungeni juu kidogo ya kifundo cha mguu mrudie tena. Tuseme inasoma 40 kati ya 100 mkono wa kulia na 90 mguuni: hapo mna jibu la kumpa baba yake, na ni vizuri ahesabu yeye mwenyewe ili asiwe na shaka. Mjue pia kwamba mkono wa kushoto una udanganyifu wake, kwa kuwa ndio unaofanya kazi zote. Kupiga mswaki, kuchora na kupiga ngoma mezani vinaweza kuhesabiwa kuwa hatua.

Hata mkishapata mahali panapofaa, naomba mwache kumlinganisha na dada yake. Mwaka 2007 Kristie Bjornson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo vijana wa miaka 10 hadi 13 walivalishwa kihesabu-hatua cha kifundoni. Wenye mtindio wa ubongo walipiga hatua chache kwa siku kuliko wenzao, na idadi ilizidi kupungua kadiri ugumu wa kutembea ulivyoongezeka. Kwa hiyo sehemu ya pengo mnaloliona inaweza kuwa ya kweli. Lakini hatua moja ya mwanao haimgharimu sawa na hatua moja ya dada yake. Misuli iliyokakamaa huvutana yenyewe kwa yenyewe, mwili hufanya kazi ya ziada ili usianguke, na umbali ule ule hula nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana hata ile hesabu ya kalori inayoonyeshwa na saa haimfai: imekokotolewa kwa mwendo wa mtu mwenye mwili tofauti na wake, na huelekea kuonyesha pungufu ya alichotumia. Mkiweza kuifuta kwenye kioo cha saa, ifuteni.

Pengine nyumbani kwenu mmeshika pia ile namba maarufu ya hatua 10,000. Asili yake ni kifaa kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965 kwa jina la *manpo-kei*, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Haikutokana na uchunguzi wa watoto, sembuse watoto wenye mtindio wa ubongo. Kipimo cha mwanao ni yeye mwenyewe wa majuma yaliyopita: mkijua wastani wake wa siku saba, mahali pa saa pakiwa ni pale pale, mtaweza kuona kama anapanda, anashuka au yuko pale pale, na mkiona ameshuka ghafla mtauliza kama kiatu kinambana, kama anaumwa, kama kuna mtu anayemchokoza njiani.

Na neno mvivu liondoke katika nyumba yenu. Mtoto aliyekwenda shuleni na kurudi kwa mguu unaokokota, kisha akaitwa mvivu kwa ushahidi wa saa iliyoshindwa kumwona, ameonewa. Ningependa baba yake amwambie hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 16 na ninatembea kwa magongo. Baba huangalia hatua zangu kila usiku kwenye simu yake, na nisipofikisha lengo alilopanga huniuliza kwa nini. Siku nyingine magoti yananiuma. Juzi nilikaa kitandani nikaitikisa saa mpaka ikafika. Najua nilidanganya. Nifanye nini? — *Binti wa Magongo*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umefanya vyema kuandika, nami nitaanza na magoti, kwa sababu ndiyo yanayonihangaisha zaidi katika barua yako. Maumivu kwa watu wenye mtindio wa ubongo ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyodhani: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Iona Novak na wenzake wa Australia ulikadiria kuwa watu 3 kati ya 4 wenye hali hii wana maumivu. Kuwa ya kawaida hakumaanishi kwamba yavumiliwe. Mweleze daktari au mtaalamu wako wa fiziotherapia magoti yanauma wakati gani, baada ya umbali gani, na kama hukuamsha usiku. Huko ndiko saa inakoweza kukufaa, kwa kuwa ukiandika siku za maumivu kwenye daftari na kuziweka kando ya siku zenye hatua nyingi, mtaalamu ataona kama zinafuatana.

Kuna jambo jingine ambalo baba yako huenda hajaelezwa na mtu. Mwaka 2009 Steven Hanna na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba vijana wanaotembea kwa vifaa, na wale wenye ugumu mkubwa zaidi, huelekea kupoteza sehemu ya uwezo wao wa mwendo wanapokaribia utu uzima. Mwili unarefuka, uzito unaongezeka, misuli inabana, na kutembea ambako utotoni kulikuwa kwepesi kunakuwa kazi. Kijana wa miaka 16 anayetembea kidogo kuliko alipokuwa na miaka 9 si lazima awe amelegea. Tena mikono yako imeshika magongo, haipungi, na kwa hiyo hata hatua ulizopiga kwa jasho huenda hazikuhesabiwa zote. Baba amekuwa akikuuliza maswali kwa namba ambayo haikustahili kuulizwa.

Kuhusu kuitikisa saa, sitakuita mwongo. Ulipewa lengo ambalo hukulipanga, juu ya mwili unaouma, ukatafuta mlango wa kutokea. Ila usiendelee, kwa sababu siku utakapohitaji takwimu hizo zikutetee mbele ya daktari, zitakuwa zimekwisha kuharibika.

Hapo ulipo, naona mambo matatu ya kuzungumza na baba yako, na unaweza kumpa gazeti hili asome mwenyewe. La kwanza ni nani anayeona takwimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unarudia haki hiyo kwa watoto wenye ulemavu na kulinda pia faragha yao. Mwendo wako wa kila saa ni habari ya mwili wako. Pendekeza kwamba ripoti iwe kwenye simu yako, nanyi mkae pamoja mara moja kwa juma, wewe ukiwa ndiye unayemweleza.

La pili ni lengo lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 uliowajumuisha kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu, linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli za kiasi hadi za nguvu, na linasema wazi kwamba asiyeweza kufikia hapo aanze kidogo na kuongeza polepole, kwa maana kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Zingatia kwamba mwongozo unataja dakika, haukutaja hatua. Kuogelea, kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu, kunyanyua uzito mwepesi ukiwa umekaa, vyote vimo. Kipimo cha ugumu ni wewe: katika shughuli ya kiasi mtu huweza kuongea lakini hawezi kuimba, na kama kuongea kwenyewe ni kazi kwako, jipe alama ya uchovu kati ya 0 na 10. Kwa upande wa kukaa, Olaf Verschuren na wenzake, katika mapendekezo waliyoyaandika mwaka 2016 mahususi kwa watu wenye mtindio wa ubongo, walishauri kukaa kukatizwe kwa dakika 2 kila baada ya dakika 30 hadi 60. Saa yako ikikutetemeshea mkono kukukumbusha hilo tu, itakuwa imekufanyia kazi kubwa kuliko kukuhesabia.

La tatu namwambia baba moja kwa moja. Ndugu yangu, najua unasukumwa na upendo pamoja na hofu ya kesho ya binti yako. Lakini nchini Uholanzi lilifanyika jaribio, likachapishwa mwaka 2014, ambamo watoto wenye mtindio wa ubongo walipewa kwa miezi kadhaa mpango wa kuwahamasisha wajishughulishe, wenye ushauri pamoja na mazoezi, na bado shughuli zao za kila siku hazikuongezeka kuliko za wale ambao hawakupewa. Ikiwa timu ya wataalamu ilipata ugumu huo, swali la kila usiku halitaweza. Kinachomtoa kijana nje ni jambo analolipenda, rafiki anayemngoja, na mwili usiouma.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 17 na anaendesha mwenyewe kiti cha magurudumu. Je, kuna saa inayomfaa, au hizi ni za wanaotembea tu? Mdogo wake naye ana mtindio wa ubongo, lakini hawezi kujisukuma. — *Baba wa Wawili*

JIBU: Kwa kaka mtu, ndiyo. Tangu mwaka 2016 Apple Watch ina mpangilio wa watumiaji wa viti vya magurudumu, unaohesabu misukumo badala ya hatua na kubadilisha ukumbusho wa kusimama kuwa ukumbusho wa kujiendesha. Jaribio la 100 nililomweleza mama hapo juu lifanyeni kwa misukumo, hasa kama mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine, maana saa itasikia ule iliofungwa tu. Namba ikipanda, msifurahi bila kuuliza habari za mabega. Mabega yake ndiyo miguu yake, na kuyachosha akiwa na miaka 17 ni kumwekea deni la maisha.

Kwa mdogo wake, sioni faida ya kihesabu-hatua. Akisukumwa na mwingine hakitahesabu kitu chenye maana, na kama ana mienendo ya mikono isiyo ya hiari, kitahesabu hatua ambazo hazikuwapo. Nafuu kuandika ni muda gani kwa siku alikuwa amelala, amekaa wima, na amesimama kwenye fremu ya kusimamia, na alishiriki mchezo gani na nani.

SWALI: Ninaanza kazi ya fiziotherapia na ningependa kutumia vipima-mwendo kwa vijana ninaowahudumia, ili nijue kama matibabu yanabadilisha kitu nyumbani. Nichague kipi, na wavae siku ngapi? — *Mtaalamu Mchanga*

JIBU: Swali lako limekaa mahali pake. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu uwezo, ulemavu na afya unatofautisha kile mtu anachoweza kufanya akipimwa katika mazingira maalumu na kile anachokifanya kweli katika maisha yake, na sisi wataalamu tumezoea kupima la kwanza na kukisia la pili. Kijana anaweza kutembea vizuri mbele yako kwa dakika sita, kisha asitembee popote juma zima.

Anza na ngazi ya uwezo wake kwa mfumo wa GMFCS, unaopanga uwezo wa mwendo wa wenye mtindio wa ubongo, ambao Robert Palisano na wenzake waliutoa mwaka 1997 ukiwa na ngazi tano, ya I ikiwa nyepesi na ya V nzito kuliko zote, na ambao tangu mwaka 2007 una maelezo ya vijana wa miaka 12 hadi 18. Kwa ngazi ya I hadi ya III, kifaa cha kifundoni kama StepWatch kinafaa sana katika kuhesabu hatua, kwa sababu kinakaa kwenye mguu wenyewe. Kumbuka tu kwamba kinahesabu mguu mmoja, kwa hiyo idadi huzidishwa mara mbili. Ukitaka kujua muda wa kukaa na wa kusimama, kifaa kiitwacho activPAL hubandikwa pajani na kusoma mwinamo wa paja, ingawa kijana anayesimama huku amekunja sana magoti na nyonga anaweza kuipotosha, hivyo mtazame kwanza kwa macho. ActiGraph, akselerometa inayovaliwa kiunoni, hutoa ukali wa shughuli, na hapo pana mtego: mipaka inayotenganisha shughuli nyepesi na ya kiasi mara nyingi imetungwa kwa watoto wasio na ulemavu. Chagua mipaka iliyojaribiwa kwa vijana wanaofanana na wako, usiibadilishe katikati ya kazi, na weka vipande vifupi vya kurekodi, kama sekunde 15 au pungufu, kwa kuwa watoto hujishughulisha kwa milipuko mifupi ambayo wastani wa dakika nzima huimeza. Kwa aliyeathirika upande mmoja, vifaa viwili, kimoja kwa kila mkono, vitakuonyesha jinsi mkono dhaifu unavyotumika ukilinganishwa na mwenzake, jambo ambalo mzazi hupata tabu kulikadiria.

Waombe wavae siku saba, zikiwamo za mapumziko, na siku ihesabiwe ikiwa kimevaliwa angalau saa 8 hadi 10. Wape karatasi ya kuandika walipokivua na kwa nini, maana saa tatu za sifuri zinaweza kuwa za kuogelea. Usilinganishe juma la mitihani na juma la likizo ukadhani umeona matokeo ya matibabu. Na matokeo mrudishie kijana mwenyewe kwa mchoro anaoweza kuusoma, kabla hujayaingiza kwenye faili. Yeye ndiye atakayekueleza kwa nini Jumatano kulikuwa na kilele.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 ana mtindio wa ubongo na mrija wa kuondoa maji kichwani. Bangili ya mazoezi ilimwachia wekundu mkononi. Je, ni salama? — *Mama Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Wekundu mara nyingi hutokana na jasho, mabaki ya sabuni na mkanda unaobana, na kwa kijana ambaye hisia za ngozi zimepungua upande mmoja, au anayepata tabu kueleza kwamba anaumia, unaweza kugeuka kidonda kabla hajasema. Vua kila siku, osha na kausha ngozi na mkanda, acha nafasi ya kidole kimoja, na uchague mkanda wa kitambaa laini. Msiufunge kamwe chini ya splinti (kifaa cha kushikilia kiungo) au juu ya kidonda. Wekundu usipoondoka mkanda ukiwa umevuliwa, aonwe na daktari.

Mrija wenyewe unahitaji swali moja kwa daktari aliyemfanyia upasuaji: je, vali yake, yaani kidhibiti cha mtiririko wa maji, hurekebishwa kwa sumaku? Nyingi za siku hizi ni za aina hiyo, na sumaku ikiwa karibu mno inaweza kubadilisha mpangilio wake. Swali hilo hilo linawahusu wenye pampu ya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, tumboni. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri simu na saa janja ziwekwe angalau sentimita 15 kutoka vifaa vya kitabibu vilivyopandikizwa mwilini, kwa sababu baadhi yake zina sumaku zenye nguvu. Mchana, mkono uko mbali na kichwa. Usiku ndipo pa kuangalia, kwa kuwa watoto wengi hulala na mkono chini ya shavu, karibu kabisa na vali iliyo nyuma ya sikio. Mvue bangili kabla ya kulala, na chaja yake, ambayo mara nyingi ina sumaku, ikae upande wa pili wa chumba, mbali na mto.